Babu Yako Alikataa Kiti cha Mbele

Ndanu mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Leo asubuhi umekunywa chai vikombe viwili, umelalamika mkate ni wa jana, ukavaa sketi ya buluu ukaenda kumuaga susu yako, mama ya baba yako, kule kilimani. Baba yako amekusindikiza mpaka njia panda kama kawaida yake, halafu akageuka. Nimemwona akirudi. Sasa hivi yuko nje chini ya lori la mtu, naona miguu yake tu. Nina mchana huu kabla hujarudi, na nimeng'oa karatasi kwa daftari lako la kemia la kidato cha nne, zile kurasa za nyuma ambazo hukuandika kitu.

Mambo ya nguo, na mafuta, na namna ya kukaa kwa nyumba ya mjomba wako Mutua, tumeongea mpaka umechoka na mimi. Sitarudia. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu wewe ulikuwa unakuja, kwa hivyo pale utaona nimekosea, soma tu uendelee. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, na nikilia utaanza kunibembeleza, na leo sitaki kubembelezwa.

Naanzia Alhamisi iliyopita. Baba yako alikuwa ameinua pikapu ya mteja kwa jeki, ametoa gurudumu la nyuma. Akakuita. "Mwaitu, kuja uone vile breki huliwa kabla mtu ajue." Unajua anavyolipenda hilo neno letu la kumwita mama. Una jina la mama yake, na tangu uwe mtoto wa kubebwa hajawahi kukuita kwa lingine. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na simu. Ukasema bila kuinua macho, "Baba, mwalimu wangu wa gari alinifundisha vizuri. Na yeye hajawahi kumuua baba yake."

Mwenye pikapu aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Baba yako alipangusa mikono kwa kile kitambaa cheusi, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Sawa, mwaitu." Akarudisha gurudumu. Akaishusha jeki polepole, akamwambia yule mtu arudi kesho.

Mimi nilikuwa jikoni nachagua ndengu. Nilisikia kila neno, na sikutoka. Nilikaa pale na sinia mapajani mpaka ndengu zikachanganyika tena na mawe.

Ndanu, baba yako hajawahi kumuua mtu. Siku ile hakuwa ndani ya gari. Alikuwa kitandani na homa, na ndoo kando ya kitanda. Aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Kama unataka kuisoma tena hiyo, isome. Mimi tangu niiandike nimeisoma mara tano, kalamu iko hewani.

Wacha nikuambie vile ilikuwa, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka minane na ulichojua ni kile ulichoambiwa. Tulikuwa tunakaa kule kilimani, kwa boma ya babu. Baba yako alikuwa na ile pikapu nyeupe, anabeba machungwa na maembe ya watu mpaka Emali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa naiangalia ile gari vile watu wengine huangalia nyumba ya mawe. Nikamsumbua mpaka akakubali kunifundisha, Jumapili, wakati wa ibada ya pili, barabara ikiwa haina hata mbuzi. Mchungaji alikuwa anauliza siku hizi mbona mama Ndanu anakuja ibada ya kwanza peke yake. Wewe tulikuwa tunakuacha na susu.

Nilishika haraka. Gia zilinitii. Wiki ya nne baba yako alikuwa anasinzia kando yangu, na kama humjui, huyo hasinzii kwa gari ya mtu yeyote. Mwalimu wako aliniambia wewe ndiye bora kwa kundi lenu, na nilifurahi, lakini usiku ule sikulala. Na mimi nilikuwa bora. Nataka ulijue hilo. Hakuna siku umeambiwa babu aliangushwa na dereva mzuri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya soko. Babu alikuwa ameteremka Emali mapema na bodaboda kutafuta makapi ya ng'ombe, na mpango ulikuwa baba yako amfuate saa nane amrudishe na magunia. Saa sita baba yako akaanza kutetemeka. Saa saba alikuwa hajui mlango uko wapi. Nikachukua ufunguo kwa msumari. Akafungua jicho moja.

"Unaenda wapi na huo?"

"Kumchukua mzee. Atakaa kwa jua mpaka saa ngapi?"

"Huna leseni, wewe."

"Barabara yenyewe haina polisi."

Akafunga lile jicho, nikafikiri amelala. Halafu akasema, "Polepole basi. Na nyuma usibebe mtu." Hayo ndiyo maneno yake, na nimeyabeba tangu siku hiyo.

Nilifika Emali salama, nikaegesha vizuri kati ya lori mbili, na nilitamani mtu anayenijua aone. Nilinunua vifaranga kumi wakatiwa kwa katoni. Nilikuwa nataka kuanza kufuga. Babu nilimpata kando ya duka la chakula cha mifugo, amesimama na magunia matatu na ile fimbo yake. Akaangalia ndani ya pikapu, akaangalia nyuma yangu.

"Mama Ndanu, dereva ako wapi?"

"Ni mimi, baba. Mwanao ameshikwa na homa."

Akaiangalia gari, akaniangalia mimi, akawageukia vijana waliokuwa wanapakia. "Basi nipigie mtu simu nyumbani wachinje mbuzi. Nikifika ni ya kunikaribisha, nisipofika ni ya matanga." Vijana wakacheka. Nikacheka na mimi. Alikuwa mtu wa utani, babu yako, unakumbuka.

Nikamfungulia mlango wa mbele. Akatikisa kichwa.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu nyinyi mmekua wakati mtu anakaa na mkwe wake kwa kochi moja wanatazama mpira. Babu hakuwa wa hivyo. Mimi na yeye tulikuwa na nthoni, ile heshima ya mke wa mwana na baba mkwe. Sikuwahi kula mbele yake. Akipita karibu na jikoni yangu alikohoa kwanza, nijue yuko, nijifunge leso vizuri. Hakuwahi kunishika mkono kunisalimia. Na kiti cha pikapu unakijua kilivyo. Goti lake lingekuwa hapo, na mkono wangu kwa gia hapo. Kila nikiweka gia ya pili ningemgusa mzee.

Akasema, "Mimi nitakaa na makapi yangu. Hata wewe utaendesha bila wasiwasi."

Na mimi, Ndanu, nilishukuru. Sitakudanganya. Moyoni nilisema asante Mungu, kwa sababu ile safari yote ya kukaa karibu na yeye nilikuwa naiogopa kuliko barabara. Ningeweza kumwambia, "Baba, ukikaa nyuma siwashi gari." Ningeweza kumtafutia bodaboda ile iliyomleta. Ningeweza kuita mama yeyote wa upande wetu, na siku ya soko wamejaa, akae katikati yetu na nthoni ikae mahali pake. Hiyo ya mwisho ilinijia baadaye, hospitalini, nikiwa nimesimama kwa korido. Ilikuwa rahisi hivyo.

Kiti cha mbele nikaweka katoni ya vifaranga. Ilikuwa inateleza. Nikavuta mkanda, nikaifunga, nikajaribu nikaona umeshika. Vifaranga walifungwa mkanda. Babu alikaa nyuma juu ya gunia, mkono mmoja kwa chuma, mwingine kwa fimbo.

Kwa lami niliendesha kama mtu amebeba mayai. Tukaingia barabara ya vumbi, bado polepole, nikimwangalia kwa kioo. Kofia yake ilikuwa inaruka kidogo kidogo. Halafu tukapita pale kwa mtambo wa kokoto, wanaume walikuwa wamekaa kwa mawe wanapumzika. Mmoja akapaza sauti, "Mama, huyo mzee unampeleka soko gani?" Mwingine akajibu, "Ameshakosa mnunuzi, anarudishwa." Wakacheka sana.

Babu hakugeuza hata kichwa. Mimi uso ulishika moto. Nikaanza kuona vile tunaonekana. Mke wa mwana amekaa mbele kama bibi wa diwani, mzee wa boma yuko nyuma na magunia kama mbuzi. Nikaanza kuhesabu nyumba zilizobaki, na watu tutakaokutana nao, na nani ataenda kusema kwa nani. Nikakanyaga. Kila mtu niliyemwona mbele, nilikanyaga zaidi ili tumpite kabla hajatambua ni nani amebebwa. Muda haukuwa shida, Ndanu. Ilikuwa bado saa tisa, jua liko juu. Hakuna kitu kilikuwa kinaningoja nyumbani isipokuwa baba yako na ndoo. Nilikuwa nakimbia macho ya watu.

Tuta la pale kwa kioski cha maji nililijua. Watu wa hapo walilitengeneza wenyewe kwa sababu ya lori za mchanga. Nimelipita mara nyingi, na kwa hilo tuta baba yako ndiye alinifundisha kubadilisha gia. Lakini mama Mbula alikuwa pale na punda wake na mitungi ya maji, na mama Mbula ni wa kanisa letu. Nikasema nimpite haraka. Nilipokumbuka tuta, lilikuwa limeshafika.

Pikapu iliruka mbele ikatua, ikaruka nyuma ikatua. Vifaranga wakalia. Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya katoni kuwatuliza. Kwa kioo cha pembeni nikaona mama Mbula amekimbia katikati ya barabara, anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele. Nikafikiri ananishangilia. Mwanamke mwenzake anaendesha gari. Nikampigia honi.

Nilienda mpaka kona ya mkuyu ndipo nikaangalia nyuma. Gunia mbili zilikuwa wima, moja imelala. Hakukuwa na mtu.

Yale mengine nitaandika machache. Alikuwa kando ya barabara kwa ubavu, kama mtu amelala mchana. Alikuwa anapumua. Mama Mbula alikuwa amekunja leso yake akaiweka chini ya kichwa, na ilikuwa imeshabadilika rangi. Akaniuliza, "Leseni uko nayo?" Nikasema sina. Akasema, "Toka hapo kwa mlango wa dereva. Keti huku chini na ulie, na usifanye kitu kingine." Yeye ndiye alimpigia baba yako.

Baba yako alikuja na bodaboda, amevaa jaketi mbili, meno yanagongana. Alipiga magoti kwa baba yake kidogo. Halafu akanijia, akafungua vidole vyangu, akatoa ufunguo. Sikujua bado nimeushika. Polisi walipofika kuuliza dereva ni nani, baba yako alikuwa amesimama na huo ufunguo.

"Ni mimi, afande."

Yule polisi akamwangalia. "Na wewe unatetemeka nini?"

"Ni baba yangu, huyo."

Mimi nilikuwa chini na leso kichwani. Baba yako sikumwomba aseme hivyo. Lakini mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa na mdomo pale barabarani, nikawa nao kituoni, nikawa nao kortini siku alisimama peke yake. Babu alikaa siku tatu bila kufungua macho, na hizo siku tatu pia nilikuwa nao.

Wewe ulikuwa mdogo na siku ya mazishi ulikuwa na watoto wenzako, hukuona. Wakati wa kutia udongo, baba yako aliinama kushika koleo. Baba mkubwa wako, yule kaka yake wa kwanza, akaweka mguu juu ya koleo. Hakupaza sauti. "Wewe kazi yako ulishamaliza," akamwambia. Baba yako akarudi nyuma mpaka pale wanawake tulikuwa tumesimama, akakaa katikati yetu kama mtu hajui mikono aiweke wapi. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika. Sikumshika, niliogopa watu wangenisoma usoni.

Susu yako hajawahi kumfukuza. Anamwambia tu, "Niletee mtoto," na chakula hampi. Ndiyo maana anakuacha pale njia panda. Ndiyo maana tulihama tukaja huku Emali kukaa kwa vumbi la stesheni, na ndiyo maana baba yako anatengeneza magari ya watu siku nzima na hana lake.

Mara moja tu tuliongea. Ulikuwa darasa la sita, umerudi kutoka kwa susu, umesikia maneno huko, ukakataa kukaa meza moja na baba yako. Nikamwambia usiku ule, mimi namwambia mtoto ukweli. Akasema hapana. Akasema, "Mtoto anaweza kukua na baba wa namna hiyo. Na mama wa namna hiyo, hawezi." Akageukia ukuta. Na mimi nikakubali, kwa sababu ilikuwa inanifaa mimi.

Na kuna hili hulijui. Wakati ulimaliza shule ukasema unataka kujua gari, mimi nilikataa, nikasema mtoto wa kike aende kushona. Yeye ndiye alisema utafundishwa, tena na mwalimu, na mtihani, na karatasi mkononi, si kwa kuibia Jumapili kama mama yako. Yule mwalimu uliyemtaja Alhamisi, baba yako ndiye alizunguka kuwauliza madereva wote wa Emali ni nani anafundisha bila haraka.

Kesho unaenda Mwingi. Mutua ni ndugu yangu na nampenda, lakini ule ulimi wake naujua. Alipokuja Pasaka ulimsikia mezani, "Mkanda ni wa kizuizi cha polisi, tukipita tunapumua." Ukacheka. Sikukulaumu, kila mtu alicheka. Utakuwa unabeba dawa na chakula cha mifugo kutoka dukani kwake mpaka Tseikuru. Mimi nimezaliwa upande ule. Gari huko ni chache na watu wanangoja kwa mti kutoka asubuhi. Utakuta mzee amekaa na mbuzi wake, anamjua babu yako wa upande wangu, atakutajia ukoo mpaka wa tano. Atakuambia, "Msichana wangu, mimi nitakaa hapo juu tu, mimi ni mtu wa hapo juu tangu ukoloni." Na Mutua atakuambia kwa simu, mbebe, huyo ni mteja.

Nakuomba siku hiyo uwe mtoto hana adabu. Zima gari, toa ufunguo, ukae nao mfukoni. Akikuita jeuri, kubali. Akisema atamwambia mjomba wako, mpe namba. Ukiwa umeshika usukani, mkubwa wa hiyo gari ni wewe, hata kama aliye nyuma ni askofu. Mimi nililelewa nijue kumkataza mzee ni kumvunjia heshima, na kwa hiyo heshima yangu babu yako amelala kule kilimani, na nyasi zimeota.

Na wanaume watakupigia honi nyuma kwa sababu wewe ni msichana na unaenda polepole. Watakuuliza kama hiyo gari umeazima kwa bwana yako. Uso utashika moto, najua, damu yako ni yangu. Hapo ndipo uangalie mguu wako wa kulia, kwa sababu huo mguu unasikia matusi kabla yako. Wacha wapite. Vumbi lao litakuingia menoni kidogo halafu litatulia.

Mambo ya mito ya mchanga iliyojaa, na kuendesha ukiwa na usingizi, na simu, ulifundishwa na unajua kuliko mimi. Naongeza kimoja ambacho hakiko kwa mtihani. Siku utakosea, na utakosea, hata kama ni kioo umevunja au kuku wa mtu umekanyaga, shuka na useme ni mimi. Useme dakika hiyo hiyo, kabla mtu mwema hajakusemea. Dakika ya kwanza ni ngumu lakini inawezekana. Mimi niliiacha ikapita, halafu ikawa siku, ikawa mwezi, sasa una miaka kumi na minane na uko na leseni kwa mfuko.

Barua hii nitakupa jioni tukimaliza kula, uisome chumbani kwako. Mutua anafika kesho saa moja. Safari usiiharibu kwa sababu yangu, kazi ni nzuri na wewe umeingojea. Ukitaka kuja kuniuliza kitu, niko, nitakujibu chochote. Ukitaka usiniongeleshe mpaka ufike Mwingi, na hata baada ya hapo, nitaelewa, na bado nitakupigia kila Jumapili ili usikie simu ikilia ujue niko. Nina matumaini, Ndanu. Sijui nayatoa wapi, lakini niko nayo. Mimi bado mwanamke wa miaka thelathini na sita, na wewe ndio unaanza.

Kwa baba yako, usiende na maneno mengi. Hayawezi, atakimbilia kazi. Enda tu ukae karibu na pale anafanya, kwa lile gurudumu kuukuu, umpe vyuma akivitaka. Atajua.

Na kuna jambo moja limebaki. Jumamosi ndugu zake wote wanakutana kwa susu kwa maombi ya familia. Mimi huwa siendi, nasema kichwa kinaniuma. Jumamosi hii naenda. Nitangoja wamalize kuomba, nisimame mbele ya susu yako na ya yule kaka mkubwa, niwaambie ni nani aliyekuwa anaendesha. Kama watataka niende niyaseme na kituoni, nitaenda. Kama watanitoa kwa boma, nitatoka kwa miguu yangu, na baba yako ataingia. Susu ni mzee sasa. Sitaki afe bila kumpa mwanawe chakula.

Baba yako hajui. Akijua ataficha viatu vyangu, ataniambia yameshaisha, na mimi nitamwamini kwa sababu napenda kumwamini hapo. Nimejaribu kwenda mara mbili na mara mbili nimerudi nikiwa njia panda. Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza. Jumapili nikikupigia utaniuliza kama nilisema, na sitaweza kukudanganya mara ya pili.

Ni mimi mama yako, niliyekuwa naendesha.